Mgeni Mmoja kati ya Milioni

Juu ya meza ya kazi ya shangazi yangu, kwenye karakana ya elektroniki ya chuo cha ufundi, kuna kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: UCHAFU NI ADUI. Herufi zimelala kidogo upande wa kulia kwa sababu aliandika akiwa amesimama juu ya ndoo, na ndoo haikutulia. Chini ya kibao kuna chupa ya spiriti, mswaki wa zamani na kitambaa cheupe ambacho mtu mwingine hathubutu kukigusa. Ukimletea redio, chaja, amplifaya au mzani wa dukani, hapimi kitu kabla hajaosha. Anafungua, anapiga mswaki, anakausha, ndipo anachukua mita ya kupimia umeme. Hudai kwamba katika vifaa kumi, sita hupona kwa kuogeshwa tu. Siku moja nilihesabu kwa ubishi, nikapata sita. Sikumwambia.

Chuo kizima kinamwita Shangazi Spiriti, hata wakufunzi wanaomzidi umri. Mimi ndiye mwenye haki ya kumwita shangazi, maana ni dada wa baba yangu, lakini haki hiyo chuo kizima kilininyang'anya zamani.

Aliingia chuoni pale miaka ishirini na minne iliyopita akiwa na ufagio. Kazi yake ilikuwa kufagia karakana, naye alifagia polepole kuliko mfagiaji yeyote duniani, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba akifagia kwa kuvutavuta humaliza chumba sawasawa na mkufunzi anapomaliza somo. Siku moja mkufunzi alikwama mbele ya darasa na redio iliyogoma. Shangazi akaegemea ufagio akasema, "Mwalimu, hiyo kapasita imevimba tumbo." Wanachuo wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mkufunzi akaangalia, na kweli kapasita ilikuwa imevimba. Tangu hapo wakamwita msaidizi wa karakana. Wakufunzi walikuja wakaondoka, wengine hawakumaliza hata mwaka, na yeye ndiye aliyebaki kuwafundisha vijana kushika chuma cha kulehemu bila kujichoma.

Halafu ikaja barua. Kuanzia mwaka unaofuata, hakuna atakayesimama mbele ya wanachuo bila cheti cha ufundi. Mkuu wa chuo, anayempenda shangazi kama watu wanavyopenda jenereta isiyogoma, alimwita ofisini akamsomea mwenyewe. Mtihani una sehemu mbili, ya mikono na ya mdomo, na mtu anaruhusiwa kujaribu mara tatu. Akishindwa zote, anarudi kwenye kazi aliyoajiriwa nayo. Kwa mujibu wa faili, shangazi aliajiriwa kufagia.

Sehemu ya mikono alipata alama zote, mara mbili mfululizo. Sehemu ya mdomo alianguka mara mbili, tena kwa swali lilelile: kwa nini silikoni safi kabisa hupitisha umeme kwa shida, na ikitiwa uchafu kidogo hupitisha vizuri? Mara ya kwanza alijibu kwamba swali lina makosa. Mara ya pili aliwaambia watahini kwamba aliwapa miezi minne walirekebishe, na hawakulirekebisha.

Baba akanipigia simu. "Wewe si ndiye mwalimu wa fizikia? Nenda kamfundishe dada yangu kabla hajawafundisha watahini adabu."

Hapa lazima niseme jambo ambalo nyumbani kwetu halisemwi. Shangazi na baba walimaliza shule ya msingi mwaka mmoja. Shangazi alikuwa wa kwanza darasani, baba alikuwa wa saba, na wote walichaguliwa kwenda sekondari. Babu alikuwa ameshafariki, na bibi hakuweza kupeleka wawili. Akampeleka baba. Baba akasoma, akapata kazi ya ofisini, akanisomesha mimi mpaka chuo kikuu, na mimi nikawa mwalimu wa fizikia. Sote tunaijua habari hiyo, na imekaa kama ufa wa ukutani uliofunikwa na kalenda. Kila mwaka tunabadilisha kalenda.

Basi nikaenda. Jumamosi ya kwanza nilijaza ubao wa karakana kwa michoro, na kusema kweli nilijisikia bingwa.

"Silikoni si kama shaba inayopitisha umeme bila kinyongo," nikaanza, "wala si kama plastiki inayoukataa katakata. Iko katikati. Kila atomi ya silikoni ina mikono minne, na imeshikana na majirani wanne. Kila elektroni ina mahali pake, hakuna iliyo huru, kwa hiyo umeme hauna wa kuubeba. Sasa toa atomi moja, weka ya fosforasi. Hii ina mikono mitano. Minne inashikwa, elektroni ya tano inakosa pa kukaa, inazurura. Hiyo ndiyo inabeba umeme. Au weka boroni, yenye mikono mitatu. Hapo panabaki nafasi tupu, na nafasi tupu nayo inabeba umeme."

Shangazi alinitazama juu ya miwani yake. "Nafasi tupu inabeba umeme."

"Ndiyo."

"Kitu ambacho hakipo kinabeba kitu."

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe unasema hivyo mbele ya watoto wa watu, na wazazi wao hawajaja shuleni?"

Akauliza uchafu wenyewe unatiwa kiasi gani. Nikamwambia, pengine atomi moja kati ya milioni. Akacheka kicheko cha kweli, cha tumboni. "Punje moja kwenye gunia zima la mchele, ndiyo ibadilishe gunia! Mwanangu, hiyo mikono uliyochora, umeiona?"

"Hakuna aliyeiona kwa macho."

"Basi mimi na wewe tuko sawa."

Tuliendelea hivyo Jumamosi tatu. Mimi si mvumilivu, wanafunzi wangu watakuambia. Jumamosi ya tatu nilimwambia akariri tu, aseme maneno niliyomwandikia, apite, mambo yaishe. Akakataa. Alisema kwamba kijana akimuuliza kwa nini, hawezi kumjibu kwamba mpwa wake alichora mikono ubaoni. "Nikifundisha nisichokijua mkono wangu utatetemeka, na mkono ukitetemeka huwezi kulehemu."

Hapo nikasema neno ambalo mpaka leo likinijia naona haya. Nilisema, "Basi kashike ufagio."

Alichukua kile kitambaa cheupe kisichoguswa, akafuta ubao wangu wote, taratibu, kutoka kona hadi kona. Kisha akakitia kitambaa kwenye ndoo na kunigeuzia mgongo. Nilitoka nikiwa na chaki mikononi na aibu imenijaa.

Siku mbili sikulala vizuri. Siku ya tatu alinipigia yeye, sauti kavu kama kawaida: "Jumatano ni kliniki ya mama. Njoo mapema unisaidie kumshika." Ugomvi hakuutaja. Shangazi ndivyo alivyo, akishakuosha hakukumbushi ulivyokuwa umechafuka.

Bibi yangu ana miaka themanini na minne, presha inayopanda na kushuka, na ulimi ambao haujawahi kushuka. Zahanati anayotibiwa haina namba wala vikaratasi. Foleni yenyewe ni benchi. Benchi refu limeegemea ukuta wa kibarazani, kutoka karibu na geti hadi mlango wa daktari. Ukifika unakaa mwisho, upande wa geti. Aliye karibu na mlango akiingia, kila mtu anasogea nafasi moja. Tulipofika tulibanana hapohapo, shangazi upande mmoja wa bibi na mimi upande wa pili, na baada ya nusu saa tulikuwa tumefika katikati. Benchi lilijaa, watu kumi na wawili bega kwa bega.

"Shangazi, ile juzi," nikaanza.

"Nyamaza, naangalia."

Nesi alikuwa ametokeza kichwa mlangoni. "Songeni mbele jamani, songeni, mnaziba geti!" Tukatazamana. Hakuna aliyesonga. Wa kwanza bega lake lilishagusa fremu ya mlango. Angesonga aende wapi? Nesi akapaza sauti zaidi, na watu kumi na wawili wakaendelea kukaa kama walivyo.

"Hata angepiga tarumbeta," akasema bibi.

Kisha mlango ukafunguliwa na wa kwanza akaingia. Pakabaki pengo. Wa pili akasogea kulijaza, pengo likahamia kwake. Wa tatu akasogea. Pengo likapita kwa mama mwenye mtoto, likapita kwa mzee mwenye fimbo, likafika kwetu, tukamsogeza bibi kwa kumwinua kwapani, likapita, likaenda mpaka mwisho wa benchi kando ya geti. Shangazi alilifuata kwa macho kama mtu anayemfuata panya.

"We mtoto," akasema polepole. "Watu wamekwenda upande wa mlango."

"Ndiyo."

"Pengo limekwenda upande wa geti. Na hakuna mtu hata mmoja aliyetembea njia nzima. Kila mtu kasogea hatua moja tu. Lakini lile pengo limesafiri lote."

Nikajizuia nisieleze, na kwangu mimi hiyo ni kazi nzito.

Mara akaingia bwana mmoja ameshika shavu, jino linamuuma, na nafasi ya mwisho ilikwishajazwa. Akawa anapita mbele yetu huku na huko, akiguna. Nesi akatoka na boksi zito, akamwita, "Wewe uliyesimama, njoo unisaidie!" Bwana yule akaenda moja kwa moja. Hakuhitaji kupishwa na mtu.

Shangazi akanikamata mkono, kucha zikaniingia. "Yule ndiye wa tano. Yule wa fosforasi."

"Ndiye."

"Na benchi likijaa barabara, nesi apige kelele asipige, hakuna kinachokwenda. Hiyo ndiyo silikoni safi. Kelele za nesi ndiyo betri."

"Shangazi, wewe ni..."

"Usinisifu, bado sijaamini."

Bibi, ambaye alidhani tunamsema yule bwana wa jino, akaitikia, "Si mnaona amefaa kubeba boksi? Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nilitamani kumbusu pale pale. Miaka mitatu ya chuo kikuu, na hakuna profesa aliyenieleza silikoni kwa maneno manne.

Lakini shangazi hakudanganya, alikuwa bado hajaamini. Tulipokuwa tukimrudisha bibi nyumbani alisema hadithi ya benchi ni nzuri, ila hadithi haiwashi taa. Alitaka kitu cha kugusa. Ndipo nikakumbuka zoezi moja la maabara nililolifanya chuoni bila hamu, tena kwa kuangalizia kwa jirani. Unahitaji kipande cha silikoni, ncha moja ya moto, ncha moja ya baridi, na kipimo ambacho mshale wake hukaa katikati na kuweza kwenda kulia au kushoto. Unagusa kipande kwa ncha zote mbili. Mshale ukienda huku, wabebaji wa umeme ni elektroni zilizozidi. Ukienda kule, wabebaji ni mapengo.

"Chuma cha kulehemu unacho," nikamwambia. "Kipimo chenyewe, galvanomita, ninacho shuleni. Silikoni tutaitoa wapi?"

"Stoo kuna paneli ya sola iliyovunjika," akasema. "Na utakapokuja, uje umenawa mikono."

Jumamosi nikaja na galvanomita ya shule nimeipakata kama yai. Shangazi alikuwa ameshabandua vipande vitatu vya paneli, vyembamba kama ganda la kitunguu, upande mmoja wa buluu wenye mistari ya fedha midogo kama nywele, upande wa pili wa kijivu. Upande wa kijivu alikuwa ameukwangua taratibu kwa wembe mpaka tabaka la metali la juu likatoka na silikoni yenyewe ikaonekana. Vyote alishaviosha kwa spiriti mara mbili. Tukaunganisha waya, chuma kwenye tundu la chanya la galvanomita, sindano ya baridi kwenye tundu la hasi. Tukagusa, kabla hata chuma hakijawekwa kwenye umeme, ili tuone mshale umetulia.

Mshale haukutulia. Ulitetemeka, ukasogea, ukarudi, ukasogea tena.

"Uchafu," akasema shangazi, akachukua mswaki. Akaosha. Mshale ukacheza vilevile. Akaosha tena, na sindano, na waya, na karibu anioshe na mimi. Nikakagua nati za galvanomita. Nikailaumu shule, nikawalaumu wanafunzi wa kidato cha tatu kwa majina yao. Saa nzima ilipita hivyo. Kisha wingu likapita juani, karakana ikafifia, na mshale ukalala katikati kwa upole kabisa.

Tukatazamana. Tulikuwa tumekaa chini ya dirisha, saa sita mchana, na kipande cha paneli ya sola, tunashangaa kwa nini kinatoa umeme.

Shangazi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nilicheka mpaka machozi. "Mwalimu wa fizikia!" akawa anasema. "Na fundi wa miaka ishirini na nne! Tunakiogesha kwa sababu kinafanya kazi yake!"

Tulifunga madirisha, tukakifunika kipande kwa boksi, tukaacha upenyo wa kupitisha ncha mbili, tukapasha chuma. Safari hii mshale uliruka mpaka pembeni, kwa sababu nilisahau kuchomoa chuma kwenye umeme kilipopata moto. Shangazi akachomoa bila kunitazama. Akagusa mistari miwili ya upande wa buluu, mmoja kwa chuma, mmoja kwa sindano.

Mshale ukaondoka katikati, taratibu, ukaenda kulia.

Akageuza kipande. Akagusa upande wa nyuma aliokwangua. Waya zilezile, chuma kilekile, mikono ileile. Mshale ukaenda kushoto.

Akarudia. Kulia. Akageuza. Kushoto. Alipasha chuma upya akarudia kwenye kipande cha pili na cha tatu. Nilikuwa na mengi ya kueleza, lakini mwenye macho haambiwi tazama. Mara ya kumi na nne akaweka chuma kwenye kishikio chake na kuvua miwani.

"Moto unawafukuza," akasema, kama mtu anayesoma barua. "Upande wa buluu kuna waliosimama, wale wa fosforasi. Wana chaji hasi. Wanakimbia moto, wanaenda kwenye baridi, hapa kwenye moto panabaki chanya, mshale unakwenda kulia. Huku nyuma kuna mapengo. Mapengo nayo yanakimbia moto. Kwa hiyo inakuwa kinyume." Akanitazama. "Pengo linakimbia, mwanangu. Nimeliona."

Nikamwomba radhi hapo hapo kwa lile neno la ufagio. Akasema, "Ufagio ndio ulioniingiza hapa, usiutukane," akanipa waya nizikunje.

Mtihani wa tatu ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Nilimsindikiza, nikakaa nje kwenye kiti cha ukutani, na kwa kuwa chumba kilikuwa na joto waliuacha mlango wazi, nikasikia kila neno. Watahini walikuwa watatu. Wa katikati, mwenyekiti, alikuwa mzee mwenye miwani ya kamba, yuleyule aliyemwangusha mara mbili. Hakuzunguka. Alianza na swali lile.

Shangazi akawaambia: "Ninyi mmekaa watatu kwenye viti vitatu. Mtu akiwaamuru msogee, hamwezi kusogea, viti vimejaa. Hiyo ni silikoni safi. Joto la kawaida linaweza kumwinua mmoja mmoja, ndiyo maana hupitisha kidogo kwa shida. Sasa akija wa nne asiye na kiti, yeye atatembea. Au mkiongezewa kiti kisicho na mtu, mtaweza kusogea kwa zamu, na kiti kitupu kitahamahama." Akaendelea na fosforasi na boroni, akaeleza chuma na mshale, kulia na kushoto. Sauti yake haikutetemeka. Yangu ingetetemeka.

Mwenyekiti akakohoa. "Kwa hiyo, mama, uchafu ni mzuri. Nikishika silikoni kwa vidole vyenye jasho, nimeisaidia?"

Nilifumba macho. Huo ulikuwa mtego, na mimi sikuwa nimemwandaa kwa huo.

"Hapana," akasema shangazi, bila haraka. "Utakuwa umeiharibu. Jasho lako lina chumvi na mengine usiyoyajua. Huyu tunayemtaka ni mmoja kati ya milioni. Kama nyumba imeshajaa wageni usiowajua, utajuaje mmoja uliyemwalika amefanya nini? Lazima usafishe kwanza, usafishe mpaka uchoke, halafu ndipo umwingize mmoja kwa kipimo. Mimi miaka yote nilikuwa nimefika nusu ya kwanza tu. Nilidhani ukishasafisha umemaliza."

Nikasikia kalamu ikiandika.

"Mara ya kwanza ulituambia swali letu lina makosa," akasema mwenyekiti.

"Bado linayo. Mmesema uchafu bila kusema umepimwa."

Mmoja wa watahini akacheka, akajifanya anakohoa. Barua ilikuja baada ya wiki tano. Shangazi aliisoma akiwa amesimama karakanani, akaikunja, akaiweka chini ya chupa ya spiriti, akaendelea kulehemu. Mimi ndiye niliyelia, kwa simu, na baba upande wa pili naye akalia, ingawa alidai ni mafua.

Siku ya somo lake la kwanza kama mkufunzi mwenye cheti, bibi alisema anataka kuona. Hatukuwa na la kumpinga. Tulimleta kwa teksi, wanachuo wakamwamkia, wakampisha kwenye benchi refu la mbele. Mimi nikakaa mwisho wa benchi. Baba aliomba ruhusa kazini akaja, akasimama nyuma karibu na mlango kama mtu asiyejua kama amealikwa.

Shangazi hakuandika kitu ubaoni. Aliwataka wanachuo wa benchi la mbele wabanane wasiache nafasi, kisha akawaamuru wasogee. Wakacheka, hawakuweza. Akamwinua kijana wa kwanza, akamwambia akasimame kando. "Haya, sogeeni mmoja mmoja. Msiangalie watu, angalieni pengo."

Wakasogea. Pengo likaja likipita mtu mmoja baada ya mwingine mpaka likafika kwa bibi. Kijana aliyekuwa kando yake akamshika kwapani amsaidie, lakini bibi hakusogea. Aliweka mkono wake juu ya ile nafasi tupu, akaukandamiza hapo.

"Ngoja," akasema. Akamtazama shangazi. "Mmoja akiingia mlangoni, pengo linarudi nyuma kwa mwingine."

"Ndiyo, mama."

"Nilimwingiza kaka yako." Sauti yake, ile ambayo haijawahi kushuka, ilishuka. "Pengo likakukuta wewe. Nilikuwa najua wewe ndiye wa kwanza darasani. Nilijua, mwanangu. Miaka yote hii sijakuambia."

Wanachuo hawakujua habari yenyewe, lakini walijua kwamba imesemwa. Nyuma, baba alikuwa amevua kofia na ameishika kifuani.

Shangazi alichukua kitambaa chake cheupe, akafuta mikono iliyokuwa mikavu. Kisha akaja mpaka kwenye benchi, akachuchumaa mbele ya mama yake, akauweka mkono wake juu ya ule wa bibi, palepale penye nafasi tupu.

"Lilinikuta, mama," akasema. "Na liliniuma. Lakini pengo nalo hubeba umeme. Leo nawafundisha hawa hilohilo."

Bibi akatikisa kichwa kukubali, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Kisha akajivuta mwenyewe, bila kusaidiwa, akasogea nafasi moja. Pengo likapita. Mwanachuo aliyefuata akasogea, na aliyemfuata, likafika mwisho wa benchi nilipokuwa nimekaa mimi, na mimi nikasogea.

Nafasi ikabaki tupu pembeni yangu. Shangazi akainuka, akatazama nyuma ya darasa.

"Kaka," akasema, "usizibe mlango. Njoo ukae."